Msaada: Tamiya Blackfoot ya mtumba, usukani unaitika ila matairi hayazunguki

Mwana_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Nimepata pikapu ya rimoti kwenye mitumba ya Japani hapa Mwanza. Ni Tamiya Blackfoot, ile yenye bodi ya Ford na matairi manene. Nikiangalia vitu vilivyomo ndani naona ni toleo la kwanza la 1986, siyo lile lililorudishwa sokoni 2016. Inatumia betri, si mafuta.

Betri iliyokuja nayo ni ya nikeli-kadimiamu, seli sita, volti 7.2. Imetoa unga mweupe kwenye kona, kwa hiyo sijaigusa na chaja. Rimoti ni ya masafa ya 27 MHz, antena ya kuvuta. Nimeazima betri nzima ya volti hizohizo nikajaribu: usukani unaitika safi kabisa, na sevo ya pili (kimota kidogo kinachofuata amri ya rimoti) inasukuma mkono wa swichi ya kasi. Ila matairi yanashtuka tu na kutulia, halafu kile kipande cheupe cha kauri kinachemka haraka mpaka hakishikiki. Fundi redio mmoja kaniambia nitoe mfumo wote niweke mpya. Hela hiyo sina kwa sasa, na kusema kweli natamani vitu vyake vya asili vibaki. Mwanangu anakaa pembeni anauliza kila skrubu ni ya nini. Natanguliza shukrani.

Waya_Mwekundu:
Mkuu, usibadilishe chochote bado. Usukani ukiitika, maana yake rimoti, kristali (kipande kinachopanga masafa) na risiva (kipokezi cha ndani ya gari) ni vizima. Hapo umeshaondoa nusu ya wasiwasi.

Kile cheupe ni rezista. Gari hilo halina kidhibiti kasi cha kielektroniki. Sevo inaburuta mkono juu ya vipande vya shaba. Mwendo mdogo unapatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista, na sehemu ya nguvu inaishia kuwa joto. Ukibonyeza hadi mwisho, mkono unatakiwa ukanyage kipande cha mwisho ambako umeme unakwenda kwenye mota bila kupitia rezista. Kwa hiyo rezista kupata moto ni kawaida. Kuchemka ghafla huku matairi yamesimama ndiyo dalili: mota inavuta umeme mwingi na haizunguki. Basi ni mota imeshika, au giaboksi imeshika, au mkono hauufikii mwisho wa safari yake.

Vitenganishe. Fungua skrubu mbili, chomoa mota, kisha zungusha matairi ya nyuma kwa mkono. Halafu mota uiwekee betri moja kwa moja, lakini ibane kwanza, maana mota ya saizi hii, inayoitwa 540, huruka inapoanza. Ukifanya hivyo utajua mgonjwa ni yupi bila kutoa shilingi.

BabaSalma:
Kuhusu hiyo betri ya zamani: umefanya vyema kutoichaji. Unga huo unatokana na maji ya betri kuvuja, na ni ya alkali kali, yanakula ngozi na shaba. Vaa glavu. Kama yamefika kwenye plagi, futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha maji kidogo, kausha kabisa. Usiichome na usiitupe jalalani, kadimiamu ni sumu. Ifunge kwenye mfuko, iweke mbali na watoto, umpe mtu anayekusanya betri chakavu.

Na tafadhali, hiyo bodi usiisafishe kwa petroli wala thina ya rangi. Ni plastiki, inayeyuka. Maji ya sabuni yanatosha.

Kijana_wa_Volti:
Mimi ningeweka mota ya kisasa isiyo na kaboni (vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani ya mota) na betri ya lithiamu ya seli tatu. Itapaa.

Waya_Mwekundu:
Kwa gari hilo hapana. Chasi yake ni ndugu wa Tamiya Frog ya 1983, na ekseli zake za pembe sita pale zinapoingia kwenye difu (gia inayogawa mwendo kwa matairi mawili) zinajulikana kwa kulika hata na mota ya asili. Ukiziongezea nguvu zitaanza kuteleza, na za zamani ni kazi kuzipata. Mota ya kaboni ya kawaida ndiyo saizi yake.

Mwana_Kirumba:
Mrejesho wakuu. Mota nzima, inazunguka vizuri! Kumbe ni giaboksi: grisi imekauka ikawa kama nta, matairi yalikuwa yanageuka kwa shida. Nimefungua, nimeondoa grisi yote kwa mswaki na spiriti, gia hazina jino lililovunjika. Nimepaka grisi nyepesi kidogo, sasa inateleza. Vipande vya shaba vya swichi vilikuwa vyeusi, nimevipitishia msasa laini.

Gari linakwenda, mtoto amepiga kelele hadi majirani wakachungulia. Yamebaki mawili. Nikibonyeza hadi mwisho rezista bado inapata moto sana. Na mota ikichanganya, usukani unatetemeka wenyewe.

Waya_Mwekundu:
Hongera sana! La kwanza: angalia kwa macho mkono unaishia wapi. Nina hakika unasimama kabla ya kipande cha mwisho. Sogeza kitrimu cha kasi kwenye rimoti, yaani kile kitufe kidogo cha kurekebisha. Isipotosha, legeza fito inayotoka kwenye sevo uirekebishe urefu. Hakikisha pia ukiachia rimoti mkono unarudi katikati.

La pili ni kelele za umeme kutoka kwenye kaboni za mota. Tazama nyuma ya mota kama kuna kapasita tatu ndogo: moja kati ya vituo viwili, na moja kutoka kila kituo kwenda kwenye ganda. Zikikosekana, redio za 27 MHz huyumba. Zinaandikwa 104, yaani mikrofaradi 0.1, na mafundi redio huwa nazo. Kwangua ganda kwa msasa kabla ya kulehemu, vinginevyo risasi haishiki. Waya wa antena ya risiva usiukate wala usiukunje karibu na mota.

Kilindini:
Naongezea kutoka Mombasa, nisije nikasoma kesho kwamba kuna kitu kimeungua. Siku ukitaka rimoti ya 2.4 GHz, usibadilishe risiva peke yake. Baadhi ya risiva za zamani hupokea volti 7.2 za betri moja kwa moja na kuzipunguza zenyewe. Baadhi ya risiva za kisasa zinataka volti 5 au 6 hivi, ukizichomeka pale zinaweza kuungua. Nunua pamoja na kidhibiti kasi cha kielektroniki cha mota za kaboni, chenyewe kitailisha risiva. Hobbywing 1060 inafanya kazi hiyo.

Betri ya lithiamu pia isubiri hadi hapo. Swichi yako ya shaba haijui kukata umeme betri ikishuka, na seli ya lithiamu ikienda chini ya volti 3 inaharibika, inaweza hata kuvimba. Kwa sasa tafuta ya nikeli-metali-hidridi, seli sita, na chaja yake.

Mwana_Kirumba:
Mkono ulikuwa unaishia kabla ya kipande cha mwisho, kama ulivyosema. Nimeurekebisha, sasa nikibonyeza mpaka mwisho rezista inabaki vuguvugu na gari linakimbia haswa. Kapasita ipo moja tu, mbili zimekatika. Kesho napitia kwa fundi redio na mota mkononi. Waya_Mwekundu, BabaSalma, Kilindini, asanteni sana.