Gundi ya wigi inaachia kwa joto

fundi_wete: Mashoga, wigi la lesi la bibi harusi, lile lenye wavu mwembamba mbele, linainuka kwenye paji kabla ya adhuhuri, na kaskazi hii jasho halikauki. Gundi ni ile ya maji. Tatizo gundi au upakaji?

saluni_mlandege: Shoga, mara nyingi ni mafuta. Ya nazi au losheni yakibaki kwenye ngozi, gundi haishiki hata umalize chupa. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti ya asilimia 70. Paka utando mwembamba mbele ya nywele zake, si juu ya nywele, usubiri weupe upotee kabisa. Rudia mara 2 au 3. Ukilaza lesi gundi ingali nyeupe, maji yananaswa chini, ndipo inapoteleza. Kisha funga kitambaa dakika 15.

bi_mkunazini: Na jaribu tone nyuma ya sikio saa 24 kabla, ikiwasha, usiipake. Ushungi nao usiukaze ukingoni, unasugua lesi. Kubandua, tia mafuta pembezoni ungoje ilainike. Ukivuta unang'oa vinyweleo vya mbele. Supagluu msithubutu, jamani.