MJADALA: Joey Logano alipandishwa NASCAR Cup mapema mno?

Mtu wa Spana:
Wakuu, habari za jioni. Kila anapoibuka kijana mwenye kasi kwenye NASCAR, mbio za magari za Marekani, ubishi ni uleule: apandishwe sasa Cup, daraja la juu kabisa, au aachwe akomae kwanza? Naleta mezani kesi ya Joey Logano.

Dogo kazaliwa Middletown, Connecticut, Mei 24, 1990. Akiwa na miaka 15 tu, dereva mkongwe Mark Martin alishasema hadharani kwamba huyu anaweza kuwa miongoni mwa wakali wa wakati wote. Kanuni ya wakati huo ilikataza kushindana ngazi ya taifa kabla ya miaka 18, kwa hiyo timu yake, Joe Gibbs Racing, walisubiri. Alipotimiza umri, wiki ileile wakamwingiza daraja la pili, chini ya Cup, kwenye uwanja wa Dover, akamaliza wa sita. Mashindano yake ya tatu, Kentucky, akashinda. Agosti 2008 ikatangazwa kwamba yeye ndiye atakayerithi gari namba 20 la Tony Stewart, bingwa mara mbili, aliyekuwa anaondoka kwenda kumiliki timu kwa ubia.

Msimamo wangu: umri haukuwa tatizo. Tatizo ni kumpa kiti cha bingwa mtu asiye na hata msimu mmoja kamili wa daraja la pili, tena mwaka 2009, mwaka ambao NASCAR ilipiga marufuku majaribio kwenye viwanja vya mashindano ili kubana gharama. Mkongwe anavijua viwanja hivyo tangu zamani. Kijana wa miaka 18 angejifunzia wapi? Alijifunza Jumapili, mbele ya kamera, akiwa na madereva wengine 42 barabarani.

Nuru:
Mkuu, mbona unaruka Loudon, uwanja ule wa New Hampshire? Juni 28, 2009 alishinda pale akiwa na miaka 19 na siku 35, mdogo kuliko mshindi yeyote wa Cup kabla yake. Na tuzo ya chipukizi wa mwaka akachukua. Mtu aliyepandishwa mapema mno hafanyi hayo.

Chuma Chakavu:
Dada Nuru, Loudon niliitazama na siwezi kuikubali kama ushahidi. Alishapasukiwa tairi, akazunguka, akaachwa mzunguko mzima. Fundi mkuu wake Greg Zipadelli akaamua kubahatisha kwa mafuta: wenzake walipoingia kuongeza, dogo akabaki barabarani. Mvua ikaja, mbio zikakatishwa kwenye mzunguko wa 273 kati ya 301. Sifa kubwa ni ya Zipadelli na mawingu.

Tazameni kilichofuata. Septemba, Dover, gari likaviringika mara kadhaa kwenye mteremko wa kona. Namshukuru Mungu alitoka akitembea, nilidhani tumempoteza. Kisha nafasi zake kwenye msimamo wa pointi kwa miaka minne pale Gibbs: 20, 16, 24, 17. Ushindi mwingine mmoja tu, Pocono 2012. Akaondolewa. Matt Kenseth akakalia gari lilelile 2013, akashinda mara saba. Gari lilikuwa zima, wakuu. Dereva ndiye hakuwa tayari.

Mtu wa Spana:
Kaka, Kenseth alikuwa na miaka 41 na ubingwa wa 2003. Alishajua anachotaka gari limfanyie, na akisema "mbele halishiki" mafundi wanamsikiliza. Zipadelli na Stewart walikuwa pamoja miaka kumi, wakachukua ubingwa 2002 na 2005. Gari, mafundi, mazoea, kila kitu kilikuwa kimejengwa kumzunguka Stewart. Mtoto wa miaka 18 ataingia gereji hiyo na kusema mpangilio wenu haunifai? Mimi nimefanya kazi gereji, najua mgeni anavyonyamaza.

Na mkono alikuwa nao. Mwaka huohuo 2012 wa kuondolewa, alishinda mara tisa daraja la pili, chini ya Gibbs haohao. Akaenda timu ya Penske 2013, akamaliza wa nane kwenye msimamo. 2015 akashinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR. Ubingwa 2018, 2022 na 2024.

Nuru:
Basi unakubaliana na mimi! Miaka minne ya kuumia ndiyo iliyomtengeneza. Angeachwa daraja la pili angekuwa anashinda tu, asijifunze kushindwa.

Mama Subira:
Hapana, wanangu. Mnamtazama aliyeokoka peke yake. Casey Atwood alishinda daraja la pili mwaka 1999 akiwa na miaka 18, akasifiwa hivyohivyo. Mwaka 2001 wakampa gari la Cup kwenye timu ya Evernham, na kabla ya 2003 kuanza hakuwa tena na kiti cha kudumu. Trevor Bayne alishinda Daytona 500 ya 2011 siku moja baada ya kutimiza miaka 20, na hakushinda tena Cup. Logano alipigiwa simu na Penske akiwa na miaka 22. Atwood nani alimpigia? Huwezi kusema moto unatengeneza madereva wakati hujahesabu walioungua.

Mtu wa Spana:
Mama, hapo umenena, na ndiyo sababu nataka iwe sharti: msimu mmoja kamili daraja la pili kabla ya Cup, hata kama mdhamini ana haraka. Connor Zilisch kapita njia hiyo. Alikimbia daraja la pili 2025, akashinda mara kumi, ubingwa ukamponyoka siku ya mwisho Phoenix, ndipo akapewa gari la Cup la timu ya Trackhouse kwa 2026.

Chuma Chakavu:
Sharti la msimu mmoja halitoshi. Warudishe na siku za majaribio kwa chipukizi, angalau kwenye viwanja virefu. Huko ndiko wanakoumia.