Je, kumsaidia aliyetetea haki ni ibada, au ni hiari ya mtu?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu katika imani, dada mmoja ninayesali naye alimwandikia mwajiri wake barua, akaitia jina na sahihi yake, akilalamikia mishahara ya wafanya usafi iliyokuwa ikikatwa isivyo halali. Yeye hakuwa miongoni mwa waliokatwa. Wiki mbili baadaye aliachishwa kazi. Tangu hapo waumini humsalimu harakaharaka, na kwenye benchi analokaa kuna nafasi kulia kwake na kushoto. Mimi nimekuwa nikimwombea, na nilipomwambia hivyo alinishukuru kwa moyo, kisha akaniuliza kama namfahamu mtu wa kumwangalizia mtoto Alhamisi, siku ya kusikilizwa kwa shauri lake. Nilinyamaza, ingawa Alhamisi sina kazi. Naomba mnieleze: imani inanidai nini zaidi ya maombi?

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, soma Yeremia sura ya 38. Sote tunamkumbuka nabii aliyetupwa katika shimo la matope kwa sababu ya maneno yake, lakini ni wachache wanaomtaja Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, aliyekwenda kumwambia mfalme waziwazi kwamba waliomtupa Yeremia wametenda mabaya. Alipopewa ruhusa na watu, hakukimbilia shimoni na kamba tupu. Alipitia kwanza chini ya hazina, akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akamteremshia nabii na kumwambia aziweke kwapani, chini ya kamba, zisije zikamchuna wakati wa kuvutwa. Kila nifikapo hapo husimama, kwa sababu mtu huyu alikuwa amefikiria hata ngozi ya mwenzake. Kumwangalizia mtoto huyo Alhamisi ndiyo matambara yako.

Mchangiaji wa pili:
Assalaam alaykum. Kwetu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alilihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora, na Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Lakini kwa swali lako ningetaja Surat Ghafir, aya ya 28, inayomtaja muumini katika watu wa Firauni ambaye alikuwa akiificha imani yake, mpaka ilipotajwa habari ya kumuua Musa ndipo akasimama kumtetea. Aliye na hofu asijione kuwa nje ya jambo hili, kwani mtu huyo naye alikuwa amejificha. Kuna pia hadithi inayotuamuru kumnusuru ndugu yetu, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo barua ya dada huyo ilikuwa msaada hata kwa mwajiri wake.

Mchangiaji wa tatu:
Nakubaliana nanyi, ila si kila anayepaza sauti yuko upande wa haki, na ni wajibu wetu kusoma barua na kuwasikiliza hao wafanya usafi kabla ya kusimama hadharani. Mtoto, hata hivyo, anahitaji uangalizi Alhamisi hiihii, na hilo halingojei uchunguzi. Wakati watu weusi wa Montgomery, Marekani, walipogoma kupanda mabasi yaliyowabagua, mgomo uliodumu siku 381 tangu Desemba 1955, Georgia Gilmore alipoteza kazi yake ya upishi baada ya kutoa ushahidi mahakamani. Akaendelea kupika nyumbani kwake, na fedha za vyakula alivyouza pamoja na wanawake wenzake zikasaidia kulipia usafiri wa waliogoma, huku baadhi ya magari yakiandikishwa kwa majina ya makanisa. Hotuba za mgomo ule zinajulikana sana. Mimi huwafikiria zaidi waliokuwa jikoni.

Mwanzisha mada:
Nimempigia simu jioni hii. Mtoto atakuja kwangu saa moja asubuhi. Ameniambia pia kwamba Jumapili angependa nikae karibu naye, na nimemkubalia.