Aiskrimu ya maharage mekundu inaganda kama jiwe, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kidogo. Nimejaribu kutengeneza aiskrimu ya maharage mekundu, yale madogo ya azuki ambayo Wajapani wanayapika na sukari wanapata rojo tamu wanaita anko, sasa mara ya kwanza nikaweka sukari mapema maharage yakagoma kuiva, mara ya pili nikasubiri mpaka yanapondeka kwa vidole ndo nikaweka sukari, hapo rojo likatoka safi kabisa (nusu nililila na kijiko kabla halijafika kwenye friza, msinihukumu).

Tatizo ni kugandisha. Mashine sina. Nilichukua rojo gramu 250, maziwa mililita 200 na krimu mililita 200, nikachanganya nikatupia kwenye friza, asubuhi nakuta jiwe, ukila unatafuna barafu na maharage yote yamezama chini. Najua sukari na mafuta ndo vinafanya isigande sana, ila nikiongeza sukari si itakuwa tamu kupitiliza, maana rojo lenyewe tayari lina sukari ya kutosha.

Je nipunguze maziwa niongeze krimu? Au niipige krimu kwanza mpaka ijae hewa ndo nichanganye? Na hii ya kutoa kila nusu saa unakoroga na uma, kuna mtu imemsaidia kweli au ni kujichosha tu? Halafu maharage mnasaga yote au mnaacha mengine mazima, mimi napenda kuyatafuna ila yakiganda yanakuwa kokoto.