CR3 za Canon R8 kwenye Lightroom 6: tugeuze kuwa DNG, tutumie programu ya Canon, darktable au tulipie kila mwezi?

Lenzi_ya_Ziwa
Wakuu, habari za jioni. Napiga harusi hapa Mwanza tangu 2014 kwa Canon 6D, na programu ya kuhariri picha, Lightroom 6 ya Adobe, niliinunua 2015, ile ya kulipa mara moja ikawa yako. Mwezi uliopita nimehamia R8. Jumamosi nikapiga sendofu, picha ghafi 1,400, kuchomeka kadi Lightroom inagoma: faili haitambuliki, hata moja. Zote ni CR3, aina ya faili ghafi inayotolewa na R8. Ile 6D ilikuwa inatoa CR2, sikuwahi hata kuliwaza jambo hili.

Kompyuta ni ya mezani, Windows 10, RAM GB 8. Lightroom siwezi kuiacha kirahisi, nina mipangilio ya rangi za ngozi niliyoijenga karibu miaka kumi na katalogi nzima ya wateja. Bibi harusi anataka picha Ijumaa. Wenye mchanganyiko kama huu mnapitia njia ipi, na inakula muda na diski kiasi gani?

fundi_picha_tanga
Pole mkuu. Kadi yako ni nzima, na kamera pia. Lightroom 6 iliishia toleo la 6.14, Desemba 2017. Canon walianza kutumia CR3 mwaka uliofuata, na kamera ya M50. Kwa hiyo programu yako haijawahi kuiona CR3 ya aina yoyote, na sasisho jingine halipo.

Mimi natumia Adobe DNG Converter, ya bure, bado inatolewa. Unaielekeza kwenye folda ya CR3, inakutolea DNG, aina ya faili ghafi ya Adobe wenyewe, na Lightroom 6 inazifungua kama picha ghafi za kawaida. Joto la rangi unalibadilisha, vivuli unavifungua, hakuna kilichopikwa. Tahadhari moja kubwa: kabla ya kubonyeza chochote, ingia kwenye mipangilio yake, pale pa kuchagua toleo la kuoana nalo, weka Camera Raw 7.1 (Camera Raw ni kisomaji cha picha ghafi cha Adobe). Ukiiacha kwenye toleo jipya kabisa unaweza kupata DNG zenye mgandamizo wa JPEG XL, uliokuja na DNG 1.7 mwaka 2023. Programu ya 2015 haiujui kabisa.

mwanafunzi_wa_mwanga
Nimeona watu wanatumia ExifTool kubadilisha jina la kamera ndani ya faili. Unaandika kwamba R8 ni 6D, programu inadanganyika. Si rahisi zaidi kuliko kugeuza picha 1,400?

Mzee_Filamu
Mwanangu, hiyo inawezekana pale tu kamera mbili zinapotumia aina moja ya faili na sensa zinazofanana. Hapa haiwezekani. CR2 imejengwa juu ya TIFF. CR3 imejengwa kwa muundo wa familia ya MP4, kontena lingine kabisa. Ukibadilisha jina umebadilisha kibandiko cha chupa tu, Lightroom 6 bado haijui namna ya kuifungua. Na hata pale inapokubali, rangi zinasomwa kwa vipimo vya sensa nyingine. Kwa picha ya mteja aliyelipa, usiguse.

mwanafunzi_wa_mwanga
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Asante.

Nuru_Studio
Naona programu ya Canon yenyewe, Digital Photo Professional, haijatajwa, na mimi naipa haki yake. Ni ya bure, na kwa macho yangu rangi ya ngozi inayotoka mle ndiyo inayofanana zaidi na ile uliyoiona kwenye kioo cha kamera. Ngozi zetu nyeusi chini ya taa za ukumbi za zambarau zinasumbua mno, na mle ndani naanzia mahali pazuri zaidi.

Shida ni kuhama kutoka mle kwenda Lightroom. Unatoa TIFF ya biti 16, picha iliyokwisha kutengenezwa, si ghafi tena, na hapo diski inalia. Piga hesabu: pikseli milioni 24, mara rangi tatu, mara baiti mbili, ni kama MB 144 kwa picha moja, wakati CR3 yenyewe ni kama MB 25 hadi 30. Picha 400 za kumpa mteja ni zaidi ya GB 57. Na joto la rangi limeshapikwa humo, ukikosea kule, huku unabembeleza tu. Mimi naitumia kwa picha kumi au ishirini za albamu. Sendofu nzima, hapana.

Wanjiru_Nairobi
Mimi niliacha programu za kulipia miaka mitatu iliyopita, niko darktable, programu ya bure ya kuhariri picha ghafi. CR3 inazisoma tangu toleo la 3.8 la Desemba 2021, na hugeuzi chochote. Lakini kaka, nitakuambia ukweli kwa sababu una mteja Ijumaa: si ya kujifunzia kwenye kazi ya mtu. Namna inavyofikiria mwanga ni tofauti na Lightroom, mipangilio yako ya ngozi haitahamia ilivyo, na kwenye RAM GB 8 bila kadi nzuri ya grafiki utakuwa unasubiri kila unaposogeza kitu. Mimi ilinichukua miezi miwili kuanza kuipenda. Leo siibadilishi, ila anza na picha zako za nyumbani.

Kadi_Mbili
Mimi nalipia Lightroom Classic ya Adobe kila mwezi. R8 inafunguka moja kwa moja, na kile kifaa kipya cha kuondoa chengachenga kimeniokoa kwenye kumbi zenye giza. Ila kwa mashine yako mkuu ningesita. Lightroom Classic ya sasa, GB 8 ndicho kiwango cha chini, wanapendekeza 16, na hicho kifaa cha chengachenga kinataka kadi ya grafiki yenye nguvu. Ada ya mwezi utaanza kulipa leo, kisha kompyuta inakufuata kesho. Ukiacha kulipa, katalogi bado utaiona na picha utazitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa.

fundi_picha_tanga
Nyongeza kuhusu DNG, maana nimeona watu wakiumia. Kuna kisanduku cha kupachika CR3 asilia ndani ya DNG. Usikiweke, faili inakaribia kuwa mara mbili. Kuna kingine cha mgandamizo unaopoteza data, nacho usikiweke. Halafu CR3 usizifute. Mimi niliwahi kufuta za kazi nzima baada ya kugeuza kwa mgandamizo huo, na leo siwezi kurudi nyuma.

Unatumia lenzi gani? Kama ni RF, lenzi za kamera mpya kama R8, Lightroom 6 haina profaili zake (data za kunyoosha picha ya lenzi husika), lenzi hizo zilianza 2018. RF 24-50 hasa inategemea sana kunyooshwa na programu.

Lenzi_ya_Ziwa
Natumia EF zangu za zamani kwa adapta, 24-105 na 85, profaili zake zipo.

Mrejesho: nilianza na DNG kumi za majaribio, 7.1 kama ulivyosema, zikafunguka zote. Nikaiacha mashine na 1,400 usiku, asubuhi zimekamilika, ukubwa unakaribiana na CR3. Kilichonishangaza ni ngozi: mipangilio yangu ya 6D inazipeleka kwenye wekundu kidogo. Nimeanza kutengeneza mpya kwa picha za bibi harusi akiwa dirishani, kabla ya taa za ukumbi.

Nuru_Studio
Wekundu huo utaupunguza kwenye rangi ya chungwa, usiguse joto la picha nzima. Chukua picha moja hiyo ya dirishani, itoe kwa programu ya Canon, iweke pembeni kwenye skrini, kisha sogeza ya Lightroom mpaka zifanane. Hifadhi hiyo kwa jina la R8, ile ya 6D iache kama ilivyo.