Flashi imegoma baada ya kuichomoa, na maksi za wanafunzi zote zimo humo. Nifanyeje?

Mwalimu wa Taaluma, Rungwe

Wakuu, habari za jioni. Leo Jumatano, Ijumaa tuna kikao cha wazazi, naombeni msaada wa haraka.

Nafundisha shule ya msingi upande wa Katumba, na mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Shule ina laptopu moja ya Windows 7, printa hatuna. Maksi za darasa la kwanza mpaka la saba naziingiza mwenyewe kwenye Excel, kila darasa na faili lake, halafu nazipeleka Tukuyu kwa flashi zikachapwe ripoti. Laptopu inashikwa na kila mtu ofisini na sipendi maksi za watoto zibaki humo. Kwa hiyo mafaili yote yanakaa kwenye flashi, na nayafungulia hukohuko.

Jana jioni nilikuwa ofisini peke yangu, giza limeshaingia, bodaboda ananipigia honi nje. Nimemaliza darasa la sita, nimehifadhi. Nikabofya ile alama ya kuondoa flashi, ikaniambia bado inatumika. Nikarudia, jibu lilelile. Nikakumbuka kuingiza na fomu tupu ya ripoti, nikainakili, mstari wa kijani ukafika mwisho, nikachomoa. Nikafunika laptopu na kuifungia kabatini.

Leo asubuhi kijana wa steshenari kaichomeka, kompyuta yake ikasema flashi lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe yote na kuandaliwa upya. Alikuwa anasogeza kidole abofye ndiyo, nikamshika mkono. Kajaribu mashine ya pili, ni yaleyale.

Ni watoto 286. Karatasi za maksi za darasa la tano na la sita nilishazirudisha kwa walimu wa masomo, na wawili kati yao wako likizo. Je, mafaili yanapatikana? Na kwa nini ilisema inatumika wakati nilikuwa nimeshahifadhi?

Fundi wa Mwanjelwa

Pole sana mwalimu. Kumshika yule kijana mkono ulifanya jambo la maana kuliko unavyodhani. Kuanzia sasa usiichomeke flashi hiyo mahali popote wala usikubali mtu ahifadhi kitu ndani yake.

Kabla sijasema lolote, nijibu hili: laptopu uliizima, au uliifunika tu? Na Excel uliifunga?

Mwalimu wa Taaluma, Rungwe

Niliifunika tu, kaka. Excel sikuifunga, nilikuwa na darasa la tano na la sita pamoja kwenye skrini. Hakuna aliyeigusa, funguo za kabati ninazo mimi.

Fundi wa Mwanjelwa

Basi mwalimu, nenda na chaja. Chomeka chaja kwanza ndipo ufunue, isije ikakatika betri katikati. Laptopu iliyofunikwa huwa imelala tu, na Excel ikifungua faili hulibeba lote kwenye kumbukumbu ya mashine. Kuna uwezekano mkubwa hayo madarasa mawili bado yapo mbele yako kama ulivyoyaacha.

Ukiyaona, usibofye alama ya kufunga. Usirudishe flashi. Bonyeza F12, litatokea dirisha la kuhifadhi kwa jina jipya, chagua Desktop, hifadhi. Ikilalamika kwamba haioni flashi, kubali, halafu rudia F12. Ukimaliza la sita, fanya vivyo hivyo kwa la tano.

Sasa kuhusu kwa nini ilisema inatumika. Ilikuwa inakwambia ukweli. Kuhifadhi siyo kufunga. Excel inapokuwa na faili la kwenye flashi, inalishikilia mpaka uifunge, hata kama umehifadhi mara kumi. Dirisha la folda lililobaki wazi nalo linaweza kuishikilia, na programu ya kuua virusi ikiwa inakagua ni vilevile.

Na ule mstari wa kijani, mwalimu, usiuamini peke yake. Chukulia lori la ndizi linashusha mzigo hapo Tukuyu. Karani mlangoni anahesabu mikungu inapopita, anasema mia imetimia, kumbe vijana bado wako njiani kwenda stoo na ishirini ya mwisho mabegani. Laptopu nayo inaweza kupokea mzigo kwenye kumbukumbu yake na kukuonyesha kwamba imemaliza, huku flashi bado inaandikiwa. Tena mkungu ukifika stoo haujaisha kazi, lazima uandikwe kwenye daftari la stoo. Flashi ina daftari lake, linaonyesha kila faili limeanzia wapi na limeendelea wapi. Ukichomoa wakati daftari linaandikwa, mzigo unaweza kuwa umo wote lakini hakuna anayejua ulipo. Ndiyo maana kompyuta inataka kufomati: imekuta daftari limevurugika, inadhani stoo ni tupu.

Ile alama ya kuondoa flashi kazi yake ni kuwaambia wote walioko njiani wamalize, daftari lifungwe, ndipo ikwambie chomoa.

Mwanachuo, Iringa

Samahani kaka fundi, mimi najua Windows za siku hizi hazihitaji hiyo alama. Mimi huwa nachomoa tu, miaka mitatu sasa.

Fundi wa Mwanjelwa

Uko sahihi nusu, mdogo wangu. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwishoni mwa 2018, Microsoft waliiweka hali ya kuchomoa haraka kuwa ndiyo ya kawaida, mashine isilimbikize mzigo wa flashi kwenye kumbukumbu. Lakini mwalimu ana Windows 7. Na hata hiyo mpya haikulindi ukichomoa wakati programu bado inaandika. Miaka mitatu umechomoa wakati hakuna kilichokuwa njiani. Na ukikaa hapo chuoni kwenye mashine ya Ubuntu, ile isiyotumia Windows, nakuomba usijaribu kabisa, kule mstari unafika mwisho huku mzigo mkubwa bado uko kumbukumbuni.

Mhasibu mstaafu, Njombe

Mwalimu pole. Nimebeba vitabu vya hesabu kwa flashi muda mrefu, nikupe njia yangu. Flashi ikikataa kuondoka na sielewi nani kaishikilia, sishindani nayo. Nafunga kila kitu, nazima mashine kabisa, nasubiri taa zote zizimike, ndipo nachomoa. Kuzima, siyo kufunika. Na nanunua flashi yenye taa. Taa ikimetameta, mkono wangu hausogei, hata kama gari la Makambako linaondoka.

Mwalimu wa Taaluma, Rungwe

Alhamisi asubuhi. Nimefika shule saa kumi na mbili na nusu, ukungu hata bendera haionekani. Nimechomeka chaja, nimefunua, mikono inatetemeka. Excel ipo! Darasa la sita lile lile, na kishale kwenye jina la mtoto wa mwisho. Nimebonyeza F12 kama ulivyosema. Mawili yote yako Desktop. Ndaga fijo, kaka. Shikamoo mzee wa Njombe, na asante.

Yamebaki matano.

Fundi wa Mwanjelwa

Nimefurahi sana mwalimu! Hayo matano nayo tuyatafute. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Hailisomi daftari, inapita stoo nzima ikitambua kila mzigo kwa umbo lake. Pale steshenari kama wana intaneti wataipakua. Sharti moja: inachokipata kihifadhiwe kwenye kompyuta, kisirudishwe kwenye flashi hiyohiyo. Na majina ya mafaili hayatarudi, utakuta herufi f na namba. Fungua moja moja.

Mwalimu wa Taaluma, Rungwe

Alhamisi jioni. Yamerudi mafaili 19 ya Excel, mengi ya muhula uliopita. La kwanza hadi la nne nimeyapata. La saba limetoka mara mbili, na nilikaa muda nikiyalinganisha, nikayaona kama yanafanana kila mstari. Nikamkumbuka mtoto mmoja ambaye Jumatatu nilimrekebishia Hisabati, nilikuwa nimegeuza 43 ikawa 34. Moja lina 34, lingine 43. Nimechukua la 43. Ripoti zimeanza kuchapwa, nimeziacha zinatoka.

Maswali mawili ya mwisho. Nitazifichaje maksi kama nikianza kufanyia kazi kwenye laptopu ya ofisi? Na hii flashi nikiifomati naweza kuiamini tena?

Fundi wa Mwanjelwa

Excel yenyewe inaweza kufunga faili kwa neno la siri. Ingia File, kisha Info, kwenye sehemu ya kulinda faili utaona chaguo la kuweka neno la siri. Liandike mahali salama, maana ukilisahau hata Microsoft hawatakufungulia. Faili liishi kwenye laptopu, flashi ibebe nakala tu ya kwenda kuchapa.

Hiyo flashi ifomati wazazi wakishaondoka Ijumaa, siyo kabla. Itumie kwa safari za steshenari tu. Ikigoma tena bila kuchomolewa vibaya, itupe, nyingine siyo ghali hata hapo Tukuyu.