Mrejesho: igizo la mto Ruaha
Wakuu, niliomba mbinu za kuwafundisha kidato cha pili kuhusu kukauka kwa Ruaha Mkuu bila kuwahutubia. Mkashauri igizo ambalo watazamaji wanaruhusiwa kulisimamisha.

Tumelicheza Rujewa, Mbarali, kwenye bonde la mto huo, siku ya gulio. Mkulima wa mpunga akafungua banio (lango la kuingiza maji ya mto mferejini) usiku. Kitenge cha buluu, ndio mto wenyewe, kikavutwa chote shambani kwake. Kiboko akabaki anagaagaa vumbini. Watu hoi kwa kicheko! Mzee mmoja akasimamisha, akaingia mwenyewe: "Nikifunga, wanangu wale nini?"

Hapo wanafunzi wakachangamka kweli: zamu za maji, mto kukatika kiangazi tangu 1993, bwawa la umeme la Mtera linalosubiri maji hayohayo. Mzee hakukubali yote. Aliyeshauri tutangulize ngoma, ahsante, iliita watu.